Nishikie Kipindi

"Mwalimu, asante kwa jana," mwanafunzi alimwambia kwenye ngazi. "Somo lako sasa nimelielewa."

Mhadhiri msaidizi akaitikia kwa adabu, kisha akasita. Jana alishinda hospitali na mwanawe. Darasani hakukanyaga.

Chanzo kilikuwa wivu, tusizunguke mbuyu. Pale idarani, mtu akipata dharura humgongea jirani na kusema, "Nishikie kipindi," basi, mkuu hana haja ya kujua. Na jana asubuhi, alipopitia idarani kuomba mtu, jirani yake alikuwepo, mlango wazi, anacheka na simu: yule mhadhiri ambaye wanafunzi walimwita Asali, ambaye darasa lake lilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Lakini huyu wetu alikuwa kwenye majaribio. Muhula ukiisha wanafunzi wangemtathmini, na kazi ingethibitishwa au ingekwisha. Amkabidhi Asali darasa lake ili walinganishe? Hata kwa dawa. Akampita, akaona mwanga chini ya mlango wa mwisho, akagonga.

"Samahani, unaweza kunishikia kipindi?"

"Naweza," sauti ilijibu. Mlangoni palinuka chaki, na chuo kile kiliacha chaki zamani.

Sasa alimkimbilia katibu wa idara, mama wa makamo aliyekuwa pale kabla ya wahadhiri wote.

"Mama, chumba cha mwisho anakaa nani?"

Katibu akashusha sauti. "Binadamu hakai. Umemwomba nini?"

"Anishikie kipindi."

"Mpaka lini?"

"Sikumwambia."

"Mwanangu, nenda leo hii. Mwambie umerudi, akupe kilicho chako. Usiongeze neno."

Akaenda, ila njiani akapita darasani kwake, na kutoka ndani akasikia sauti yake mwenyewe, ile ile yenye mikwaruzo, lakini tulivu kuliko alivyowahi kuwa, na wanafunzi wakacheka kwa pamoja, wengine wamekaa sakafuni, na harufu ya chaki ikamfikia pale nje, na alipochungulia akamwona Asali amebanwa kwenye kona ya nyuma, anaandika, uso umemsawijika kwa husuda. Aliogopa. Na bado, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Samahani dada," mwanafunzi aliyekaa karibu na mlango akamnong'oneza, "kuna kipindi."

Kipindi kilipoisha aligonga mlango wa mwisho.

"Nimerudi," alisema.

"Nikurudishie?" Ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe.

Akaukumbuka uso wa Asali pale kwenye kona. Alitamani kuuona kila siku.

"Bado. Nishikie mpaka nithibitishwe."

"Kipindi tu?"

"Shika chochote. Mradi nithibitishwe."

Alithibitishwa. Tathmini yake iliipita ya Asali kwa mbali, na Asali alimpongeza huku akiangalia pembeni. Jioni alirudi nyumbani akitembea upesi, ana hamu ya kumwambia mumewe, lakini ufunguo ukagoma kuzunguka, na alipokuwa akiusukuma akasikia ndani sauti yake ikimsimulia mwanawe hadithi, na mtoto akicheka kicheko ambacho yeye, mama yake mzazi, hakuwahi kukipata hata siku moja, na chini ya mlango ikapenya harufu ya chaki. Wivu ulimchoma kabla ya hofu. Akagonga kwa ngumi zote mbili.

Mumewe alifungua. Begani mwa shati lake palikuwa na vumbi jeupe, alama ya vidole vilivyopumzika hapo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika na ndoa yake.

"Samahani dada," akasema kwa upole, "unamtafuta nani?"