Mgeni Aliyefungiwa kwa Mvuje

Siku ya Jumanne, baada ya swala ya alasiri, Maimuna alikuwa jikoni akichambua mchele aliposikia mtu akikohoa sebuleni. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kile kikohozi kifupi, cha adabu, cha mtu mzima aliyekwisha kuketi na anayetaka mwenye nyumba ajue kwamba ameketi. Maimuna alijifunga kanga vizuri juu ya tumbo lake la miezi saba, akatoka huku akisema karibu. Sebule ilikuwa tupu. Mto wa kiti kikubwa, kile kinachoelekea mlango, ulikuwa umebonyea katikati, na mbele ya macho yake ukajiinua polepole kama unga uliotiwa hamira.

Nyumba hiyo ilikuwa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hushuka hadi kwenye kamba za nguo. Mwenye nyumba alikuwa Mwalimu Mwanvita Pazi, mama mkwe wa Maimuna, aliyefundisha baiolojia kwa miaka thelathini na miwili na ambaye, alipostaafu, aliamua kwamba yale ambayo hakuyafundisha ndiyo yenye faida. Simu ilimpatia walimu wapya. Alijiunga na kundi la akina mama waliokuwa wakitumiana maelekezo ya majani: mchaichai wa kuvuta wateja, majani ya mpera ya kumtuliza mume, kivumbasi cha kufagilia uani ili adui apotee njia, karafuu saba chini ya ulimi kabla ya usaili wa kazi. Vitu ambavyo mabibi walivitia kwenye chai na mchuzi, kisha wakanawa mikono, sasa vilikuwa vimepandishwa cheo. Mwanvita aliyajua majani hayo kwa majina yake ya kitaalamu. Aliujua ukoo wa kila moja, na hakujua tabia ya hata moja.

Ni haki kusema kwamba alikuwa na sababu. Mwanawe wa pekee, Idrisa, mkutubi huko Mzumbe, alikuwa amemwoa Maimuna miaka minne iliyopita, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ilikuwa ya tatu. Muuguzi wa kliniki alimwambia Maimuna apumzike na ale vizuri. Mwanvita alimwambia asivuke kizingiti hadi siku ya kujifungua, kwa kuwa ubaya ulikuwa nje, na ubaya huo ulikuwa na jina. Uliitwa Prisca, jirani wa ng'ambo ya uzio, mwalimu wa chekechea. Kosa la Prisca lilikuwa kusema, siku moja alipokuwa akimwagilia mchicha wake, kwamba tumbo lilikuwa limempendeza Maimuna.

Alhamisi iliyotangulia Jumanne ile, Mwanvita alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi na konzi nzima ya majani ya mrehani, akasoma kutoka kwenye simu maneno ya kuwaalika wenye heri wasioonekana waje kuilinda mimba. Harufu nzuri huita; hilo halihitaji kusomewa. Kisha, makaa yakiwa bado mekundu, alitwaa mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka kama vitunguu vilivyooza, ambao watu huwafunga watoto mkononi ili majini yasiwasogelee. Aliufunga katika vitambaa vyeusi, akavitundika juu ya kila mlango na kila dirisha, juu ya tundu la maji bafuni, na hata penye kijitundu cha dari. Kwa hiyo alimwalika mgeni ndani, kisha akaufunga mlango nyuma yake kwa kitu ambacho mgeni huyo hawezi kukipita. Alipomaliza alipiga picha, akaituma kwenye kundi, akapongezwa.

Kitambaa kimoja kilikuwa cha Maimuna, avae shingoni. Harufu yake ilimtapisha mara tatu kabla ya chakula cha jioni, akakivua. Jambo hilo lilionekana dogo.

Siku za kwanza kilikuwa kikohozi tu. Idrisa alisema ni panya. Alikuwa amezoea kusoma migongo ya vitabu na kuridhika. Ijumaa ulianza mwendo. Nyayo zisizo na viatu zilitoka kwenye kiti kikubwa, zikaenda mlango wa mbele, zikasimama. Zikaenda mlango wa uani, zikasimama. Zikaenda dirisha la kwanza, la pili, la tatu, na kila zilipofika pazia lilivutwa kuelekea nje kana kwamba mtu amelishika, kisha likaachiwa. Baada ya hapo kilifuata kikohozi, na sasa adabu ilikuwa imepungua ndani yake. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayewatazama wenyeji wake na kuanza kuwapima akili.

Mwanvita aliongeza mvuje.

Maimuna alimfuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kinataka kutoka."

"Nyamaza. Ukikitaja unakipa nguvu."

"Hakinitaki mimi, mama. Kinautaka mlango."

Mwanvita alimjibu kwamba mtu aliyesoma hadi kidato cha nne asimfundishe mwalimu. Kisha akatia majani mengine ya mrehani kwenye chetezo, kwa sababu kundi lilikuwa limemwambia kwamba wenye heri wakifanya fujo ni kwa kuwa hawajakirimiwa vya kutosha.

Adhuhuri ya siku hiyohiyo, mvua ikiwa imefunga juu ya milima na nyumba imejaa mwanga wa kijivu, Maimuna alijilaza kitandani, na hakuwa amepata usingizi aliposikia nyayo zikiingia chumbani, zikizunguka kitanda, zikisimama upande wa kichwa. Na harufu ya rehani mbichi, iliyofikichwa wakati huohuo kati ya vidole viwili, ikashuka juu ya uso wake, ikasogea hadi puani, ikaacha pua na kuja mdomoni, ikatulia pale, ikingoja kwa uvumilivu wa mtu aliyeweka jicho kwenye tundu la kufuli, hata yeye akaukaza mdomo, akaufunika kwa kanga, akashika tumbo kwa mkono wa pili na kuhesabu pumzi zake hadi mwadhini alipoanza kuadhini. Tangu saa hiyo alitembea ndani ya nyumba amejifunika mdomo. Mama mkwe wake aliona, akamsifu kwa stara.

Jumamosi alikuja Bi Mosi. Alikuwa mwanamke wa Kinole aliyeteremka kila wiki na tenga la viungo na matunda kichwani, na ndiye aliyemuuzia Mwanvita mrehani. Alimzidi Mwanvita miaka isiyopungua kumi. Mwanvita hakuwahi kumpa shikamoo. Alimwambia habari, kama anavyoambiwa muuza mboga. Siku hiyo Bi Mosi alifika barazani, akatua tenga, lakini hakusogea mlangoni. Alivuta pumzi mara mbili.

"Mwalimu, umepika nini humu?"

"Nipe rehani, Bi Mosi, kama siku zote."

"Rehani unayo ndani, mbichi, naisikia. Na mvuje nausikia." Alicheka kidogo, pasipo furaha. "Mtu hasemi karibu na toka kwa kinywa kimoja."

Mwanvita alieleza kwamba maelekezo yalitoka kwenye kundi lenye watu elfu mbili. Bi Mosi alimtazama kwa muda, kama mtu anayetazama ndizi iliyooza ndani na kung'aa nje.

"Na hao elfu mbili, wangapi watalala humu?"

Kisha alisema la kufanya, na halikuwa kubwa. Vitambaa vyote vishushwe saa hiyohiyo, milango na madirisha yafunguliwe, na mwenye nyumba amwambie mgeni samahani, kwa mdomo wake mwenyewe. Hakutaka malipo wala kuku. Mwanvita alishika kilemba chake, akatazama uzio. Ng'ambo ya pili Prisca alikuwa akianika mashuka. Kushusha mvuje mbele ya macho yale kulikuwa, kwa Mwanvita, kama kuvua nguo barabarani. Akasema watangoja kidogo, yule aingie ndani kwanza.

"Mwalimu," alisema Bi Mosi, "anayeanika nguo hana haraka. Huyu wa ndani anayo."

Walingoja. Prisca alikuwa na mashuka sita. Ndani, Maimuna alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, akisikiliza, kanga imembana mdomo, na nyuma yake nyayo zilianza kwenda mbio, mlango wa mbele, mlango wa uani, dirisha, dirisha, bafuni, darini, zikirudi, zikigonga, mapazia yakivutika yote kwa pamoja kuelekea nje kama mashavu ya mtu anayezama, kikohozi kikitoka kila pembe bila adabu yoyote iliyobaki, joto la nyumba likipanda na harufu ile tamu ikikaza hewa hata kanga ikawa kama mkono wa mtu juu ya uso wake. Akaivuta chini, akafungua mdomo amwite mama mkwe wake, na wito haukutoka, kwa kuwa kitu kilikuwa kikiingia.

Mapazia yalianguka. Nyumba ikanyamaza. Tumboni mwake mtoto alipiga teke moja, kisha akatulia.

Mwanvita aliingia, akasikiliza ule ukimya, akatabasamu. Aliita kutoka ndani kwamba kimekwenda, na bila kushusha hata kitambaa kimoja. Bi Mosi alisogea hadi kizingitini. Alimwomba Maimuna amhemee usoni kutoka ndani. Maimuna alihema. Pumzi yake ilinukia rehani.

Bi Mosi alikaa chini, akazungumza na Maimuna peke yake, polepole, ili kila neno libaki. Alimwambia kwamba nyumba nzima ilikuwa imezibwa na yeye ndiye pekee aliyekuwa wazi. Mgeni hakuja kuua. Alikuwa ametafuta mlango na kupata chumba, ndani ya mtoto. Mtoto atazaliwa salama. Utosi wa mtoto mchanga bado unapumua, na siku ya arobaini, atakapotolewa nje juani kwa mara ya kwanza, mgeni ataondoka kwa njia hiyo, kimya, asionekane tena. Lakini hadi siku hiyo mtoto asifungwe mvuje, si mkononi, si shingoni, wala usiingizwe tena ndani ya nyumba ile.

"Aliyefungiwa mara moja huomba njia," alimaliza Bi Mosi. "Aliyefungiwa mara ya pili huomba ufunguo."

Vitambaa vilishushwa jioni ile, Prisca akiwa ndani kwake. Mwanvita aliapa mbele ya mwanawe na mkwewe kwamba hatamgusa mtoto kwa dawa yoyote. Katika kundi aliandika kwamba tiba yake imefaulu.

Mtoto alizaliwa miezi miwili baadaye, mvulana mzima, akaitwa Sufiani. Utosi wake ulipanda na kushuka, na ukiinama kuubusu ulisikia harufu ya rehani. Wageni walidhani ni sabuni. Alilia mara chache. Mahali popote alipolazwa aligeuza kichwa kuelekea mlango, akautazama, naye Maimuna alikuwa akikata siku moja moja kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani.

Siku ya thelathini na tisa Prisca alikuja na soksi alizozifuma mwenyewe. Alimpakata mtoto, akamtazama, akasema alivyoona: kwamba alikuwa mzuri mno, na macho yake yalikuwa kama ya mtu mzima. Alikunywa chai, akaaga. Maimuna aliingia bafuni kuoga.

Siku moja tu ilikuwa imebaki. Mtu mwingine angeweza kukaa juu ya mikono yake kwa siku moja. Mwanvita alikumbuka lile neno mno, akakumbuka macho ya Prisca, akakumbuka wajukuu wawili ambao hakuwaona. Akaenda kwenye sanduku lake, akachukua kitambaa cheusi alichokuwa amekificha ndani ya begi la vitabu vya shule, akaufunga mvuje kwenye mkono wa kushoto wa Sufiani. Alikaza fundo kwa meno.

Maimuna alikuwa akijifuta maji aliposikia mtu akikohoa sebuleni. Alijifunga kanga, akatoka haraka, na kwa mazoea tu, kabla hajafikiri, akasema karibu.

Hapakuwa na mtu ila mama mkwe wake, amesimama na mkono mdomoni, na mtoto juu ya kiti kikubwa. Maimuna aliona kitambaa.  Alileta kisu cha jikoni, akakata uzi, akautupa mvuje uani, akafungua mlango wa mbele, wa nyuma na madirisha yote, akamnyanyua mwanawe na kumtoa barazani, katika jua kali la saa nane, akamweka utosi wake wazi na kungoja.

Utosi haukupanda wala kushuka. Ulikuwa mgumu kama wa mtu wa miaka arobaini. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na njia, na milima. Mtoto aligeuza kichwa taratibu, akavipa vyote kisogo, akaitazama sebule, viti vyake, kuta zake, na bibi yake aliyesimama katikati ya vitu hivyo.

Kisha akakohoa tena. Hakikuwa tena kikohozi cha mgeni. Kilikuwa cha mwenye nyumba aliyerudi akakuta mtu amesimama kwake, na sasa anamngoja mtu huyo ajieleze.