Mbao za Daraja la Kavetsa

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Juni, mwaka wa 1954. Watu wengi wa Eldoret wanaikumbuka kama siku ndege kubwa ilitua hapa mara ya kwanza. Mimi naikumbuka kwa sauti ya jirani yangu wa laini ya nyumba za vibarua, Mama Sarah, akiniita asubuhi kutoka ukingo wa mtaro.

"Khisa, daraja liko wapi?"

"Daraja gani?"

"Kwani tuko na mangapi? Kuja uone."

Nilitoka na kikombe cha chai mkononi. Mtaro ulikuwa umejaa maji meusi ya mvua ya wiki nzima. Daraja halikuwako. Zilibaki nguzo tu, zimesimama ndani ya maji.

Wacha nieleze, msije mkasema Khisa analia bure. Wazungu wa mashamba walikuwa na komiti ya uwanja wa ndege. Walitaka uwanja uwe mrefu, ndege kubwa zije, mji uonekane ni mji. Lakini udongo wa hapa ni mweusi, ukipata mvua unakuwa uji. Kwa hivyo sisi vibarua tuliambiwa tuchimbe mtaro kando ya uwanja wote, maji yatoke. Tukauchimba. Ulipokwisha ukawa umekata njia yetu wenyewe. Laini yetu ilibaki upande huu, na barabara ya kwenda Plateau, kwenye hospitali ya misheni, ikabaki upande ule. Tulilalamika mpaka midomo ikakauka ndipo wakatupa mbao za mtarakwa. Misumari niligonga mimi.

Na asubuhi hiyo mke wangu Kavetsa alikuwa kitandani na uchungu wa kuzaa. Hospitali walikuwa wamemwambia mtoto amelala vibaya tumboni, akisikia uchungu tu asikae nyumbani. Kipyego wa Kapseret, yule wa kupeleka maziwa na gari la ng'ombe, alikubali kumbeba. Nilimwona ng'ambo ya mtaro, ng'ombe wake tayari wamefungwa nira.

Nikaingia ndani.

"Kipyego amefika?" Kavetsa akauliza.

"Amefika."

"Sasa mbona umesimama hapo kama askari wa posta?"

"Daraja limeng'olewa."

Alishika ubao wa kitanda mpaka uchungu ukampita.

"Ni Wamalwa," nikasema.

"Usianze, Khisa."

"Nani mwingine ako na ufunguo wa stoo? Nani mwingine anaweza kunifanyia hivi?"

"Mimi nataka kuvuka. Nivushe kwanza. Halafu uulize ni nani, uulize mpaka ujibiwe. Lakini kwanza nivushe."

Huyo Wamalwa alikuwa nyapara wetu, na kabla sijaoa alimtaka Kavetsa kama mimi. Kavetsa alikuwa mwanamke wa moshi. Siku zile rubani hakuwa na mtu wa kumwambia upepo unatoka wapi, kwa hivyo ndege ikisikika, moto unawashwa kando ya uwanja na kurushiwa nyasi mbichi. Rubani anaangalia moshi umelala wapi, anajua atue akitokea upande gani. Kazi hiyo waliachiwa wanawake, na Kavetsa alikuwa akiwasha moshi mnene kushinda wote. Wamalwa alikuwa akimletea kuni kavu kila asubuhi. Mimi nilileta mdomo peke yake.

"Wewe Mbukusu, unatafuta nini hapa kila siku?" Kavetsa aliniuliza mara moja.

"Nakuja kuota moto."

"Na jua lote hili?"

"Kuna baridi ingine iko ndani."

Alicheka mpaka akaangusha nyasi. Wamalwa akaudhika, akamwambia mbele ya watu, "Yaani utaacha nyapara uchukue mchimba mtaro?"

Kavetsa akamjibu, "Nyapara tayari namwona kazini tangu asubuhi. Kwa nini nimkute tena jioni nyumbani?"

Vibarua walimcheka mwaka mzima. Ndiyo sababu asubuhi ile sikuwa na shaka. Nilijua amelipiza.

Nilijaribu kwanza kuzunguka. Upande wa chini mtaro unaishia kwenye kinamasi, ng'ombe hata akiwa na mabawa hapiti. Upande wa juu nilikuta askari.

"Rudi."

"Mke wangu anazaa, afande."

"Leo hapa hapiti mtu mweusi mpaka wageni waondoke. Hiyo ndiyo amri."

"Amri ya nani?"

"Amri ni amri. Rudi, mzee, usinitafutie kazi."

Nikarudi, nikaingia kwenye mtaro na nguo zangu. Maji yalinifika kifuani, na chini tope linavuta mguu kama linakula. Nikatokea upande wa pili, nikamtafuta Wamalwa mpaka kwenye jukwaa walilojengea wageni, limefunikwa kitambaa chekundu, viti vimepangwa. Pembeni palichungulia ubao wenye misumari niliyoijua, nikainua kitambaa. Mbao za mtarakwa. Moja ilikuwa na alama nyeusi ya duara, pale Kavetsa alipoweka karai lake la makaa siku moja akasimama kuongea na mimi mpaka ubao ukaungua. Daraja letu walilifanya sakafu ya viatu vya Wazungu.

Wamalwa alikuwa hapo karibu, amechuchumaa kando ya moto. Nilimshika shati.

"Umefurahi?"

"Niachilie, Khisa."

"Miaka yote hii umekaa na hiyo kitu moyoni. Sema umefurahi."

"Niangalie. Nyapara anachochea moto wa moshi tangu lini?"

Hapo ndipo nikaona hana kofia yake ya unyapara.

"Walinivua jana," akasema. "Mzungu mmoja wa lori aliniambia ning'oe daraja nikakataa. Niliwaambia kuna mwanamke mzito kule laini. Wakaleta watu wa shamba lingine na lori, wakang'oa usiku wakati nyinyi mko kwenye ibada. Mimi wakaniweka kwa moshi. Walisema nikipenda wanawake nifanye kazi yao."

"Nani alisema ling'olewe?"

"Nilimuuliza yule wa lori, akasema ni mwenyekiti. Mwenyekiti akasema ni injinia. Injinia akasema ni Nairobi. Sasa Nairobi inajua daraja letu?"

Nilimwachilia. Sikuwa tena na mtu wa kupiga.

"Kimeli ako na simu," akasema.

Kimeli alikuwa karani wa uwanja, ofisi yake kibanda cha mabati. Alitusikiliza, akazungusha mkono wa simu, akasimama wima kana kwamba anaonekana.

"Halo, sir. Ni Kimeli wa uwanja, sir. Tunaomba mbao chache kutoka kwa jukwaa… Ni mke wa kibarua, sir. Hapana, sir, si malaria, anazaa… Ndiyo, sir. Mtoto amekaa vibaya, sir… Ndiyo, sir. Asante, sir."

Akaweka simu.

"Anasema ungoje."

"Ningoje nini?"

"Ndege itue, wageni wahutubie, wanywe chai. Jukwaa likivunjwa mbao zitarudi."

"Umemwambia mtoto amekaa vibaya?"

"Umenisikia nikimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema pole."

"Huyo alikuwa nani?"

Kimeli aliangalia simu yake. "Sijui, Mzee Khisa. Hiyo ni nyumba ya komiti. Anayepita ndiye anashika."

Wamalwa akanivuta mkono tukatoka.

"Kavetsa ako na nguvu bado?" akauliza.

"Anatukana. Kwa hivyo ziko."

"Twende."

"Na moshi wako? Ndege inakuja."

Aliangalia moto, akaangalia jukwaa, mahali memsahibu fulani alikuwa akipanga maua.

"Si walisema ni kazi ya wanawake? Yule pale ni mwanamke."

Tuling'oa mlango wa nyumba yangu. Tukamlaza Kavetsa juu yake, Mama Sarah akamfunga na leso zake mbili asiteleze, tukamshusha majini.

"Khisa mbele, Wamalwa nyuma," Kavetsa akasema. "Na mkigombania hapo katikati nitawaacha wote wawili."

"Mimi ulishaniacha," Wamalwa akasema.

"Basi umezoea. Inua juu."

Hata Kipyego ng'ambo alicheka. Tulikuwa tumeinua mlango juu ya vichwa, tunatembea polepole. Tulipofika katikati ndipo ndege ikasikika. Ikapita juu, ikazunguka, ikazunguka tena. Tulisikia watu wakiita kule jukwaani, "Moshi. Moshi uko wapi?" Wamalwa hakugeuka. Ukingo ule wa pili ulikuwa tope tupu, na mimi nilikuwa nimeuchimba mwenyewe, nimeunyoosha kama ukuta jinsi tulivyoagizwa. Kila tukipanda tunateleza. Mara moja mlango uliinama na Kavetsa akalia kilio ambacho sijawahi kusikia kwa mtu. Kipyego alitupa kamba ya ng'ombe, tukavutwa. Tulipomweka kwenye gari niliona leso za Mama Sarah zimebadilika rangi.

Barabara yote ya Plateau nilikaa nikishika kichwa chake. Wamalwa alitembea nyuma, anasukuma gurudumu kila mahali pana tope.

"Ndege imetua?" Kavetsa akaniuliza.

"Achana na ndege."

"Nimeiwashia moto miaka yote, siwezi kuachana nayo. Imetua?"

"Sijui, mama."

"Wamalwa ndiye aling'oa?"

"Hapana. Alikataa."

"Nilikuambia." Alifunga macho kidogo. "Usipige mtu, Khisa. Ukipiga watakufunga na hutajua. Uliza. Uliza mahali kuna watu, mtu ashindwe kusema hakusikia."

"Utauliza mwenyewe ukipona."

"Mimi nitakuwa na mtoto wa kunyonyesha. Uliza wewe."

Hospitali walimpokea mbio, sina neno na wao. Mtoto walimtoa hai, msichana. Kavetsa hakuamka. Daktari alitoka akasimama mbele yetu wawili, tumelowa tope mpaka shingoni, akashindwa kujua mume ni nani.

"Mngefika asubuhi," akasema.

Wamalwa ndiye aliketi chini kwanza.

Jumatatu komiti iliita vibarua wote. Nilivaa shati safi. Nilifikiri wametuita juu ya mke wangu, kumbe ni juu ya moshi. Ndege ilikuwa imetua ikitokea upande usiofaa, ikapita mwisho wa uwanja, magurudumu yakazama, na wageni wakashuka kwenye tope na viatu vyao vizuri. Waliuliza siku nzima, mmoja baada ya mwingine, na karani anaandika.

"Nani aliacha moshi?"

"Mimi," Wamalwa akasema.

"Kwa nini?"

"Daraja halikuwako."

"Hatuulizi daraja. Tunauliza moshi."

Wakamfukuza kazi hapo hapo. Wa kulaumiwa kwa moshi walimpata kwa siku moja tu. Kwa daraja, nilienda kwa mwenyekiti, akanituma kwa injinia. Injinia akanituma kwa ofisi ya DO, afisa wa serikali. Ofisi ya DO wakaniambia ni mambo ya komiti. Na jukwaa lao walilivunja, mbao zikawekwa stoo. Hatukurudishiwa hata moja, kwa sababu laini yetu ingehamishwa, wakasema, kwa hivyo daraja ni la nini.

Nimemlea mtoto na Mama Sarah, na Wamalwa. Watu wanacheka, wanasema Khisa anaishi na aliyekuwa akimtaka mke wake. Wacheke. Jioni tunaketi, yeye anasema, "Unakumbuka alivyonijibu ile siku ya nyapara?" na mimi namwambia arudie. Hakuna mtu mwingine hapa duniani anamkumbuka Kavetsa vizuri kama yeye. Mtoto anamwita Baba Moshi.

Sasa mwaka huu wa 1957 tumeambiwa uwanja utarefushwa tena, uelekee Kapseret, na siku moja uwekwe lami. Iliitwa baraza. DO alikuja na mkalimani, mwenyekiti akaja na ramani, wakapanda jukwaani. Sikuhitaji kuinua kitambaa. Hawakuweka kitambaa safari hii, na ile alama ya duara ilikuwa chini ya kiatu cha mwenyekiti.

Mkalimani alisema maendeleo yanakuja, kazi zitakuwa nyingi, watakaohamishwa watatendewa vyema. Watu wakapiga makofi ya kuambiwa.

"Kuna swali?"

Wamalwa alimweka mtoto mabegani kwake, akanigusa na kiwiko.

"Shemeji, aliagiza uulize."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniita shemeji, kana kwamba Kavetsa alikuwa dada yake. Nikasimama. Mkalimani akanijua, nikaona anatazama pembeni.

"Mzee, kama ni mambo ya zamani…"

"Wewe tafsiri tu."

Mwenyekiti alikunja ramani. DO akaangalia saa. Nikaonyesha na kidole ule ubao chini ya kiatu, nikasema pole pole ili mkalimani asije akasema hakusikia:

"Ile Jumamosi, mke wangu akiwa na uchungu, nani kati yenu alisema daraja letu ling'olewe?"