Mapigo Matatu Chini ya Lori

Mwaka tisini na tisa, rafiki yangu Chenge, fundi wa Nyakato, alinunua mnadani lori kuukuu la ushirika uliofilisika. Likagoma kuwaka. Akaenda mjini kwenye intaneti, akawauliza wapenzi wa malori ya zamani duniani kote.

“Shikamoo, mzee Chenge,” alisema Maulida, binti wa kompyuta pale kwenye intaneti, siku aliyorudi kuulizia majibu. “Wazungu wako wamejibu. Ila huyu mmoja kaandika Kiswahili: ‘Kaa kwenye usukani, nitakugongea.’”

Chenge alicheka. Gerejini kwake kila fundi anajua: aliye chini ya gari akigonga chasisi mara tatu, washa, akigonga mara moja, zima upesi, amebanwa.

Alirudi gereji, hakukuwa na mtu. Mvua ya ziwani ilitia giza mchana kweupe. Akapanda, akashika ufunguo kwa mzaha tu.

Ngo! Ngo! Ngo!

Mkono wake ukazungusha ufunguo kabla hajafikiri. Lori likawaka, likanguruma kama jipya.

Kisha, chini yake, ngo! Mara moja.

Chenge akazima, akashuka, akainama na tochi. Sakafu tupu. Mbele ya macho yake chasisi iliendelea kugongwa, pigo moja moja, kila pigo hafifu kuliko lililotangulia, kama mkono unaoishiwa nguvu.