Diski ya Bibi

Kila Jumapili asubuhi Ketaki alimsaidia babu yake, Mzee Madhav, kupangusa diski zake za filamu za Kihindi. Zilijaza makabati mawili ya nyumba yao ya ghorofani mjini Nagpur. Majirani walimtania, "Mzee, siku hizi filamu zote ziko kwenye simu!"

"Zote?" babu aliwajibu. "Haya, nitafutieni ile ya mke wangu."

Bibi, kabla hajaolewa, alicheza katika filamu moja isiyojulikana, akipita nyuma ya waimbaji na mtungi kichwani. Kwenye simu haikuwemo. Kila siku ya kumbukumbu ya kifo chake, babu aliiweka kwenye deki ili amwone tena.

Jumapili hii ilikuwa siku hiyo, na Ketaki alikaa roho juu.

Wiki mbili nyuma njiwa walichafua nguo barazani. Mama alimwambia atundike diski mbovu, mng'ao wake uwafukuze. Kwa uvivu wa kuuliza, Ketaki alichukua iliyokuwa karibu, isiyo na picha juu yake. Upepo uliisugua kwenye vyuma vya baraza siku nne. Alipoiteremsha, aliona mwandiko wa babu: jina la bibi. Aliifuta kwa gauni, akairudisha kabatini, akanyamaza.

Sasa deki ilikwaruza. Picha iliganda, ikapotea. Babu aliitoa diski, akaipuliza, akairudisha. Mara ya nne aliifuta kwa ncha ya shati lake.

"Babu, ni mimi," Ketaki alisema huku akilia, akaeleza yote.

Babu alifumba macho. "Rafiki yangu Vasant alikuwa na nyingine ya filamu hii hii. Jumatano kahamia kwa mwanawe, diski zake zote kampa mnunua chakavu. Ungeniambia mapema, ningeifuata kwa miguu yangu hii."

Ketaki alilia kwa kwikwi. Babu naye machozi yalimtoka.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema hatimaye. "Kuiharibu ni bahati mbaya, mjukuu wangu. Kunyamaza ndiko kulikotukosesha nyingine. Ukikosea, sema siku ileile."

"Nitasema, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Umeitazama mara ngapi?"

"Kila mwaka."

"Basi nionyeshe alivyopita."

Ketaki alijitwika chombo cha maji, akapiga hatua tatu, akageuka.

"Aligeukia kushoto," babu alisema kwa sauti ndogo.

Ketaki akafuta machozi, akaanza upya.