Kiganja Kinuni

Haya yalimpata rafiki yangu Tokuo, fundi wa vitamutamu vya mchele huko Akita, kaskazini mwa Japani. Jioni moja ya theluji, mwaka mpya ukikaribia, alikuwa ghalani akitwanga mochi, keki za mchele za sikukuu, pamoja na mkewe, Sumie. Tokuo aliuponda mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke, kwa nyundo kubwa ya mti. Kila alipoiinua, Sumie alitia kinuni mkono uliolowa maji na kuligeuza donge.

"Ukinivunja vidole, Baba Haruo, utajipikia mwaka mzima!"

"Basi usisinzie, Mama Haruo!"

Taa ikazimika. Tokuo hakusimama. Mkono wa mkewe ulifuata mapigo yake, na akiyavuruga angeuponda. Nyundo ikatua, kiganja kikapiga donge, pa! Nyundo tena, pa!

Mlango ukafunguka nyuma yake. Sumie alisimama pale na mshumaa, theluji mabegani.

"We, unatwanga na nani? Mimi nilitoka mara taa ilipozimika."

Tokuo akabaki ameinua nyundo. Upepo ukauzima mshumaa. Mle kinuni, kiganja kilicholowa kikaligonga donge mara mbili, taratibu, kama mtu anayehimiza pigo linalofuata.