Mate ya Koikai

Jioni ile Silantoi alikuwa anafunga chumba chake cha dawa pale Ngarenaro, mjini Arusha, awahi kupanda nyumbani Sambasha na kilo ya sukari aliyoagizwa na mama yake. Kufuli alikuwa nalo mkononi. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Khm-hm."

Akageuka. Alikuwa Theresia, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mwanamke mpole ambaye hata ukimkanyaga ni yeye anayekuomba radhi. Leo kanga ilimwanguka begani asijali, na macho yake... macho hayakuwa yake.

"Dada Theresia, vipi? Kichwa kimepoa?"

"Nimepasua cherehani kwa shoka," Theresia alinong'ona. "Mume wangu nimemmwagia uji wa moto. Sijui hata kanikosea nini. Tangu lile tone ulilonipa jana..."

Akasita. Koo lake likakwaruza kama mlango wa zizi. Sauti iliyofuata ilikuwa nzito, ya mwanaume mzee.

"Khm-hm. Mzungu wangu, umerudi?"

Kufuli likaanguka.

Maana aliyekuwa akimwita Silantoi jina hilo duniani alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa kaburini.

Huyo ni Koikai, baba yake mdogo. Baba mzazi alipofariki, Koikai ndiye aliyelishika boma, na alilishika kwa mkono mzito. Siku Silantoi aliposema anakwenda India kusomea homeopathi, ile tiba ya kuipunguza dawa ndani ya maji, Koikai alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani.

"Msichana apande ndege peke yake? Akasomee maji? Mzungu wangu, tulia. Mume nimeshakutafutia."

Mume mwenyewe alikuwa mzee wa rika la Koikai, kibogoyo, anayelala katikati ya mazungumzo. Silantoi alimkataa mbele ya wazee wote, kwa sauti. Koikai aliangalia chini tu, akitikisa mguu.

Sasa kwao Wamaasai mtu hasafiri mbali bila kutemewa mate ya baraka. Siku ya kuagana ndugu walikizunguka kibuyu cha maji yenye asali. Kila mmoja alisukutua, akatema ndani, akasema neno jema, na wengine wakaitikia, kama kusema amina, "Naai!" Koikai akawa wa mwisho. Alikishika kibuyu kwa muda mrefu. Alinong'ona ndani yake kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Akakohoa. Akatema.

"Naai!" wakaitikia wote. Waliitikia, jamani, bila kujua wameitikia nini.

Mama yake, Naserian, akajaza chupa ndogo. "Shika, mwanangu. Ukizidiwa na ugeni, weka tone moja ulimini. Ni sisi hao."

Na ugeni ulimzidi kweli. Kule Kolkata joto lilimbana kifua, lugha haijui, wenzake wanazishika nywele zake na kucheka. Kila akilala, tone. Chupa ilipokaribia kukauka, roho ikamuuma kama anafiwa. Na kule darasani mwalimu wao mzee wimbo wake ulikuwa huo huo: "Tone moja, maji, tikisa, gonga. Chukua tone la hayo, tia kwenye maji mengine, gonga tena. Msiogope kuipunguza. Kadiri mnavyoipunguza, ndivyo inavyopata nguvu."

Basi Silantoi akafanya kosa ambalo asingelifanya mtu asiyesomea tiba ile, wala mtu asiyezaliwa boma lile. Aliipunguza baraka ya kwao kama dawa. Tone, maji, akafunga kizibo, akaigonga chupa juu ya Biblia ya jalada la ngozi aliyopewa na mama.

Kong. Kong. Kong.

Akafanya hivyo miaka yote ya masomo. Humo humo hasira zikamwingia. Alimpiga kofi msichana wa chumba chake kwa sababu ya kijiko. Alijiambia ni upweke. Alijiambia ana haki ya kukasirika, na haki alikuwa nayo. Ila nyakati nyingine, taa ikizimwa, alisikia mtu anakohoa ndani ya kabati alikoiweka ile chupa...

Sasa pale Ngarenaro, Theresia aliketi chini ghafla, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Silantoi hakumsikia. Alikuwa amekumbuka. Asubuhi, kabla ya kushuka mjini, alikuwa amempa mama yake tone la chupa ile ile aliyompa nayo Theresia, kwa ajili ya magoti.

Alidandia bodaboda. "Kimbiza, kaka. Kimbiza!"

Boma lilikuwa kimya. Moshi hautoki. Alipoinama mlangoni alipokewa na harufu. Ugoro. Ugoro mbichi, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyenusa ugoro tangu Koikai azikwe.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Koikai, miguu ameitanua, rungu mapajani. Mguu mmoja ulikuwa unatikisika.

"Shikamoo, Yeyo," alimwamkia mama yake.

"Khm-hm. Yeyo wako ni nani? Nisalimie kama ulivyofundishwa. Leta kichwa."

Kwao mdogo huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini. Silantoi hakuinama.

"Mlinizika mkadhani basi," sauti ikanong'ona kutoka kinywani mwa mama. "Wewe ukanipunguza, nikakua. Ukanigonga, nikaamka. Hakuna mtoto aliyenitunza kama wewe, Mzungu wangu."

"Mwachie mama yangu."

"Leta kichwa, nimwachie. Ukubali ulichokikataa mbele ya wazee. Yule mume bado mzima."

Kucha za mama zilikuwa zinazama kwenye paja lake mwenyewe. Damu ikachirizika hadi kifundoni. Machozi yalimtoka mama. Mdomo wake ulikuwa unacheka.

Hapo hasira ya Silantoi ikapanda toka tumboni, nyeusi, ya miaka yote.

"Nilikwenda peke yangu!" alipiga kelele. "Nikalia peke yangu, nikasoma peke yangu, nikarudi kwa miguu yangu! Kichwa changu hukipati, uwe hai uwe maiti!"

Akaitoa chupa kwenye mkoba. Akatoka mbio hadi nyuma ya migomba, pale unapopita mfereji wa maji ya mlimani, akaimimina yote. Akaikung'uta. Akailaani kwa kila neno baya alilolijua, la Kimaasai na la Kiswahili.

Ndani, kitu kikaanguka.

"Silantoi? Mwanangu... mbona giza?"

Ilikuwa sauti ya mama. Alimkuta sakafuni, akamkumbatia kama anayemnyang'anya mtu. Mama alikuwa mzima, mdhaifu, ananuka jasho lake mwenyewe. Silantoi alicheka na kulia. Akamweleza yote.

Mama akajiegemeza ukutani. "Kuna jambo sikukuambia. Alikufa wiki ile ile uliyoondoka, bila kuugua. Neno lake la mwisho alisema, 'Nimepanda ndege na binti yangu.' Tulidhani anaweweseka." Akamtazama. "Hiyo chupa umeimwaga wapi?"

"Mferejini, Yeyo."

Mama aligeuza uso kuelekea migombani.

Wote wawili wakasikia maji. Mfereji ule unashuka kwa kishindo, unapiga jiwe, unapiga jiwe lingine, unajitia mtoni, na mto unateremka hadi Ngarenaro.

Kong. Kong. Kong.

Tone moja. Maji mengi. Tikisa, gonga.

Labda ndiyo sababu Koikai alimwachia mama. Labda hakuwa na haja naye tena.

Silantoi alitoka nje. Ng'ambo ya migomba, jirani yao Tabea alikuwa amechota ndoo yake, ameinama anayaonja maji kwa kiganja. Akainuka taratibu.

"Khm-hm."

Kisha, kutoka boma la chini yake... "Khm-hm." Kisha chini zaidi, mbali, sauti ya mtoto mdogo.

Kule bondeni taa za Arusha zilikuwa zinawaka, na watu wanabandika maji ya chai.

Silantoi alivuta pumzi, akafungua mdomo awapigie kelele wasiyanywe.

Kilichomtoka kwanza kilikuwa kikohozi.