Kitanda Kisicholaliwa

Mto wa juu kabisa ulikuwa na bonde la kichwa.

Boriska alisimama akautazama. Kitanda kile hakilaliwi. Kimepangwa mito ya darizi nyekundu mpaka karibu na dari, kwa macho ya wageni wanaokuja kuona nyumba ya mababu, na hata zamani bibi arusi alikileta kwa fahari tu, akaenda kulala jikoni. Ufunguo anao Boriska peke yake, mtunzaji anayeishi humo humo, na tangu Novemba ianze hajaja mgeni hata mmoja. Akaupiga mto ukajaa tena, akajiambia ni panya. Panya gani huyo wa kupanda mpaka darini kutafuta usingizi!

Kesho yake adhuhuri bonde lilikuwa limerudi, na chumba kilinuka tumbaku ya kiko. Tumbaku ile ilikuwa ya Vendel, mumewe, aliyezikwa wiki ya Pasaka.

Akamkimbilia jirani yake, Bi Etelka, kikongwe mwenye ulimi mkali, akamsimulia yote.

"Bado unampakulia supu?" Etelka aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sahani moja tu, Bi Etelka. Meza inakuwa tupu mno."

"Basi umekiita mwenyewe! Mwezi wa saba huu, mwanangu, na kioo bado umekifunika kwa msiba. Kile kitu hufuata kilio kisichokwisha, kikavaa sura ya marehemu. Mguu mmoja tu hakiwezi kuuficha, ni wa bata bukini. Kitakunyonya mpaka ubaki ngozi. Umejiona ulivyokonda?"

"Nitajionaje, na kioo kimefunikwa?"

"Usinichekeshe. Mwaga majivu sakafuni. Kikiuliza kikuletee nini, sema maji, kwa chekeche. Kitashindwa, na hakitarudi tena."

Boriska akamwaga majivu. Siku ya pili, saa nane mchana, ukungu ukiwa umeufunika mtaa mzima, alikuwa jikoni aliposikia kitanda kikilia, kisha mito ikishushwa mmoja mmoja, taratibu, kama inavyoshushwa na mtu anayeiheshimu, kisha hatua, moja ya kiatu na moja ya kitu kipana chenye majimaji, zikija, zikija, mpaka mlango ukafunguka na Vendel akasimama pale na koti alilozikwa nalo, na nyuma yake kwenye majivu alama ya soli, na kando yake vidole vitatu virefu vilivyoungana kwa ngozi.

"Bori," kilisema. "Nikuletee nini?"

Hakuna aliyemwita Bori tangu Pasaka. Chekeche alikuwa nayo mkononi. Aliogopa, aliogopa kweli, lakini kilichomtisha zaidi ni ukimya utakaobaki mlango ukishafungwa. Akaiweka chekeche mezani.

"Kuni," alinong'ona. "Lete kuni, Vendel. Kuna baridi."

Kikatoka uani kwa mwendo wake ule. Boriska akasimama akisikiliza hatua, akiomba zisichelewe kurudi.